Namna ya Kuchagua Vipokea Sauti vya Masikioni Vinavyozima Kelele kwa Bei Nafuu

Kabla ya kuuliza bei ya vipokea sauti vya masikioni visivyo na waya, ni vyema mnunuzi ajiulize kwanza ni kelele ipi hasa anayotaka kuiondoa, kwa kuwa jibu la swali hilo ndilo litakaloamua kama fedha yake imekwenda mahali pake. Mwanafunzi anayesoma chumbani huku jenereta ya jirani ikinguruma, mfanyakazi anayeshinda chini ya kiyoyozi cha ofisi, na abiria wa basi la Dar es Salaam kwenda Mwanza aliyeketi karibu na injini, wote hao wanasumbuliwa na mngurumo mzito usiobadilika, na huo ndio ambao teknolojia ya kuzima kelele huudhibiti vizuri. Anayesumbuliwa na mazungumzo ya wenzake, honi za bodaboda au kilio cha mtoto yuko katika hali nyingine, na asipoelezwa tofauti hiyo mapema atarudi dukani akidai ameuziwa kitu kibovu.

Sababu ya tofauti hiyo si ngumu kuielewa. Kipokea sauti chenye uwezo huu kina kinasa sauti (maikrofoni) kidogo upande wa nje, ambacho husikia kelele kabla haijafika kwenye kiwambo cha sikio. Chipu iliyomo ndani hutengeneza wimbi la sauti lililo kinyume chake, lenye bonde pale ambapo la kwanza lina kilele, na mawimbi hayo mawili yakikutana hubatilishana. Vilivyo bora zaidi vina kinasa sauti cha pili kwa ndani, kinachopima kelele iliyobaki ili chipu iisahihishe. Mngurumo mzito una mawimbi marefu yanayojirudia kwa mpangilio, hivyo chipu huweza kuyafuata, lakini sauti nyembamba na za ghafla, hasa zile ambazo masafa yake, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, yanapita takribani hezi 1,000, hubadilika upesi mno. Hizo huzuiwa na kitu cha kawaida kabisa, yaani mpira wa silikoni unaoziba tundu la sikio, na nitaurudia mpira huo hapa chini kwa sababu wanunuzi wengi huupuuza.

Wazo lenyewe ni la zamani: Mjerumani Paul Lueg alipewa hataza yake nchini Marekani mwaka 1936, na kampuni ya Bose ilianza kuwauzia marubani vifaa vya namna hii mwaka 1989. Kwa miaka mingi vilibaki kuwa vitu vya gharama kubwa, na hata Apple ilipotoa AirPods Pro mwishoni mwa mwaka 2019, watu wengi wa kipato cha kawaida walivitazama kwa mbali tu. Tangu wakati huo chipu zimeshuka bei kiasi kwamba leo uwezo huo unapatikana katika vifaa vya oraimo, Redmi, QCY, CMF na Soundcore ya Anker ambavyo mtu anaweza kuvinunua bila kukopa.

Tatizo lililobaki ni maneno yanayoandikwa kwenye boksi. Herufi unazozitafuta ni ANC, ambazo humaanisha kwamba kelele inazimwa kwa ajili ya sikio lako wewe unayesikiliza. Herufi ENC zina maana tofauti kabisa: zinahusu kinasa sauti cha kupigia simu, ambacho huchuja kelele za mahali ulipo ili mtu wa upande wa pili akusikie vizuri, na hazipunguzi hata kidogo kelele inayoingia masikioni mwako. Wauzaji wengi hutafsiri zote mbili kuwa “vinazima kelele”, wengine kwa kutojua na wengine kwa kutaka kuuza. Mimi mwenyewe niliwahi kulipa bei ya ANC katika duka moja, nikafika nyumbani, nikawasha feni, nikaona mlio wake haukubadilika hata nilipobonyeza kila mahali. Nilipolisoma boksi kwa makini nikakuta ENC, na duka likakataa kurudisha fedha kwa kuwa boksi lilikuwa limeshafunguliwa. Tangu siku hiyo sinunui kabla ya kusoma upande wa nyuma wa boksi, pale penye orodha ya sifa, badala ya maneno makubwa ya mbele.

Jina la bidhaa nalo linahitaji uangalifu, kwa sababu vifaa viwili vinavyofanana kwa sura na jina vinaweza kutofautiana katika jambo hilohilo moja unalolitaka. Soundcore R50i haizimi kelele, ilhali Soundcore R50i NC inazima. Soundcore P20i haina uwezo huo, ilhali P40i inao. Hata AirPods 4 za mwaka 2024 ziliuzwa kwa aina mbili, yenye ANC na isiyo nayo. Andika jina kamili la toleo kwenye karatasi au kwenye simu kabla ya kwenda dukani, pamoja na kila herufi na tarakimu, na usikubali kuambiwa kwamba hili lililopo ni sawa na lile ulilolitaka.

Kuhusu tarakimu za desibeli, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, zinazotangazwa, kama vile “hadi desibeli 45”, ushauri wangu ni kutozitumia kulinganisha kampuni moja na nyingine. Neno “hadi” ndilo lenye uzito hapo: ni kiwango cha juu kabisa kilichopatikana katika masafa fulani wakati wa vipimo, wala si kiasi ambacho kila kelele itapungua. Vifaa viwili vyenye tarakimu moja vinaweza kuwa na utendaji tofauti sana ndani ya daladala.

Sasa turudi kwenye mpira wa silikoni. Ikiwa mpira haukukaa sawasawa, mngurumo huingia kupitia mwanya uliobaki na chipu hushindwa kuuzima, besi ya muziki hupotea, na mtu hulaumu kifaa kizima kwa kosa la kipande kidogo kuliko ukucha. Boksi la kawaida huwa na saizi tatu, ndogo, ya kati na kubwa, na ile ya kati huwa tayari imevishwa. Wengi hawazigusi nyingine kamwe. Jaribu zote tatu, na usishangae ikiwa sikio la kulia linataka saizi tofauti na la kushoto, kwani hilo ni jambo la kawaida. Mpira uliokaa vizuri hukufanya usikie sauti yako mwenyewe ikiwa nzito unapozungumza, haulegei unapotafuna, wala haukuumizi baada ya nusu saa. Kwa anayevaa mtandio au hijabu kuna jambo la kuongezea: kitambaa kinapogusa kinasa sauti cha nje huleta mkwaruzo masikioni, na kinaweza pia kubonyeza sehemu ya kugusa hata wimbo ukasimama au simu ikakatika. Kwake vinafaa zaidi vile vifupi visivyo na mkia unaoning’inia, au vile ambavyo programu yake ya simu inaruhusu kuzima vidhibiti vya kugusa.

Jaribio la dukani linastahili muda, na muuzaji mwema hatakunyima. Maboksi mengi huwa yamefungwa, kwa hiyo omba kifaa cha maonyesho, uende na kitambaa chenye spiriti cha kufutia, na ikiwezekana mipira yako mwenyewe. Vaa vyote viwili bila kupiga muziki wowote, kisha simama karibu na feni, friji au jenereta ya duka. Washa na uzime ANC mara kadhaa kwa kubonyeza au kugusa kwa muda, ukisikiliza mngurumo huo peke yake. Kifaa cha kweli kitaushusha waziwazi, kana kwamba mtu ameisogeza feni hadi chumba cha pili. Kifaa cha uongo kitatamka tu kwamba ANC imewashwa, au kitaongeza besi ili uhisi kuna kilichobadilika, na ndiyo maana jaribio hili halifanywi muziki ukiwa unalia. Rudia kwa sikio moja moja, kwa kuwa kuna vifaa ambavyo upande mmoja hufanya kazi na mwingine haufanyi. Halafu tafuta pembe tulivu usikilize kama kuna mlio mwembamba wa “sss” unaobaki; kidogo huvumilika katika vya bei nafuu, lakini ukikusumbua dukani utakukera zaidi usiku. Watu wengine pia huhisi masikio yamebanwa kama mtu anayeshuka mlima kwa gari, na kama wewe ni mmoja wao, chagua kifaa kinachokuwezesha kupunguza nguvu ya ANC.

Ukiwa bado hapo, piga simu. Simama mlangoni, barabara ikiwa na magari, umpigie mtu wa nyumbani na umuulize anakusikiaje. Usitegemee ujumbe wa sauti wa WhatsApp kwa jaribio hili, kwa kuwa mara nyingi simu hurekodi kwa kinasa sauti chake yenyewe na utakuwa umepima simu badala ya vipokea sauti. Usishtuke pia sauti unayoisikia ikififia na kupoteza utamu mara simu inapounganishwa: Bluetooth hubadilisha namna ya kusafirisha sauti ili kinasa sauti nacho kipate nafasi, na si ubovu.

Kuhusu betri, muda unaotangazwa mara nyingi hupimwa ANC ikiwa imezimwa na sauti ikiwa katikati. Tafuta tarakimu ya muda ambao ANC imewashwa. Saa 5 hadi 7 kwa chaji moja zinamtosha mtu wa kawaida, maadamu kikasha kinaweza kuvichaji tena mara tatu au zaidi. Kumbuka kwamba betri hizi ni ndogo mno na kwa kawaida hazibadilishwi, kwa hiyo kifaa kinachotumika kila siku huanza kupoteza muda wake baada ya miaka miwili au mitatu, jambo ambalo kwangu ni sababu tosha ya kutotumia fedha nyingi kupita kiasi. Kwa jasho la mwambao na mvua za masika, alama ya IPX4 inatosha, nayo humaanisha kinga dhidi ya matone yanayorushwa kutoka kila upande. Kikasha chenyewe mara nyingi hakina kinga hiyo, basi usivirudishe ndani vikiwa vimelowa.

Mambo ya kodeki, yaani namna simu inavyobana sauti ili kuirusha kwa Bluetooth, yasikuchoshe. Mwenye iPhone anatumia AAC hata kama boksi limejaa majina mengine, na mwenye simu ya Android anaweza kufaidika na LDAC, kodeki inayobeba sauti kwa undani zaidi, ikiwa simu yake inaiunga mkono, ingawa barabarani tofauti hiyo huisikii kwa urahisi. Kinachofaa zaidi kwa matumizi ya kila siku ni uwezo wa kuunganishwa na vifaa viwili kwa wakati mmoja, ili anayefanya kazi kwenye kompyuta asikose simu inayoita.

Kwa maoni yangu, anayetenga kati ya shilingi 3,500 na 7,000 za Kenya, au kati ya 70,000 na 150,000 za Tanzania, yuko mahali pazuri pa kuchagua. Chini ya hapo kelele huzimwa kwa kiasi kidogo au haizimwi kabisa, na juu ya hapo nyongeza unayolipa huwa kubwa kuliko nyongeza unayoisikia. Vile vinavyouzwa kama AirPods Pro kwa bei ya chakula cha siku chache ni bandia hata kama simu inaonyesha picha yake kikasha kinapofunguliwa, kwa sababu watengenezaji wa bandia wameshajifunza kuiga hatua hiyo. Simu ya mkononi unaweza kuihakiki Tanzania kwa kutuma namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu hiyo, kwenda 15090, lakini vipokea sauti havina IMEI. Njia iliyo wazi zaidi ni kusakinisha programu rasmi ya mtengenezaji ukiwa dukani na kuona kama inakitambua kifaa. Dai risiti yenye jina kamili la toleo na muda wa waranti, kwani risiti iliyoandikwa “earphone” peke yake haitakusaidia lolote.

Faida kubwa ya kifaa kizuri, na ndiyo inayonifanya niandike kwa kirefu hivi, ni kwamba masikio yako hayalazimiki kushindana na injini. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki katika kiwango cha desibeli 80, na anayesikiliza ndani ya gari lenye kelele bila kinga yoyote hupandisha sauti kupita kiwango hicho bila kujua. ANC ikiwashwa, sauti ya katikati inatosha. Hata hivyo uizime unapovuka barabara au unapopanda bodaboda, au utumie ile hali inayopitisha sauti za nje, kwa kuwa lori linalokuja nyuma yako lina mngurumo uleule ambao kifaa kimeundwa kuuondoa. Zaidi ya hayo, upepo ukivipiga vinasa sauti huleta kelele mpya badala ya kuipunguza.

Ukishanunua, vitumie kwa bidii katika siku za mwanzo ambazo duka bado linakubali kubadilisha, na uvijaribu mahali hasa utakapovitumia: kwenye daladala, ofisini, kitandani. Kila wiki vua mipira uioshe kwa maji na sabuni kidogo, uikaushe kabisa, kisha ufute wavu mdogo uliopo mdomoni mwa kifaa kwa brashi laini na kavu, kwa sababu nta ya sikio ikiuziba, kinasa sauti cha ndani hakisikii tena vizuri na kelele uliyolipia kuizima huanza kurudi kidogo kidogo.