Jinsi ya kupima uteuzi wa Rais wa Marekani ulioipita Seneti kando

Nikisikia "Rais kateua mtu bila Seneti," yaani bila baraza la Bunge ambalo kwa kawaida huidhinisha teuzi za juu, naanza na kalenda. Ibara ya 2 ya Katiba inamruhusu kujaza nafasi Seneti ikiwa mapumzikoni, na uteuzi huo hukoma kikao kinachofuata kikiisha. Basi tazama mapumziko yalikuwa ya siku ngapi. Mwaka 2014, katika kesi ya Noel Canning, Mahakama ya Juu ilisema chini ya siku 10 kwa kawaida hazitoshi. Na vile vikao vya dakika chache, seneta mmoja anagonga nyundo na kwenda zake, navyo vinahesabika kuwa Seneti iko kikaoni, si mapumzikoni. Kiini macho, ukiniuliza, lakini ndiyo sheria.

Hakukuwa na mapumziko? Huenda ni kaimu tu. Soma sheria ya 1998 ya kukaimu nafasi zilizo wazi, inayompa kaimu ukomo wa kawaida wa siku 210.

Kisha angalia kiti chenyewe kina mamlaka gani, hasa ukiambiwa uteuzi huo umeiba kura. Januari 2006 George W. Bush aliweka makamishna wa Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho kwa njia hii. Tume hiyo husimamia fedha za kampeni. Kura huhesabiwa majimboni, kwa kawaida kaunti kwa kaunti. Anayedai uteuzi kama huo umeiba kura, mwombe matokeo ya kaunti anayoitilia shaka.