Namna ya Kutumia Vinasaba Kufufua Jalada la Mauaji Lililokwama

Mpelelezi anayekabidhiwa jalada la mauaji lililokwama kwa miaka ishirini hushawishika kukimbilia maabara, kwa kuwa amekwisha kusikia jinsi vinasaba vilivyowaumbua wauaji waliodhani wamesahauliwa. Anapaswa kuanzia mbali zaidi ya hapo. Kipimo cha DNA, yaani vinasaba, hujibu swali moja tu, nalo ni hili: seli zilizokutwa kwenye kielelezo zimetoka kwa nani? Hakielezi zilifikaje pale, wala lini, wala kama mwenye seli hizo ndiye aliyeua. Majibu ya maswali hayo, kama yapo, yamo ndani ya jalada lenyewe, na kwa sababu hiyo kazi huanzia kwenye karatasi.

Jalada lisomwe kabla bahasha hazijafunguliwa

Soma maelezo yote ya mashahidi, ripoti ya uchunguzi wa maiti, picha za eneo la tukio na orodha ya vielelezo, kisha jaribu kuyapanga matukio ya mauaji hatua kwa hatua: muuaji aliingilia wapi, alimshika marehemu sehemu gani, alifunga nini, alivuta nini, alitupa nini. Kila mahali ambapo mkono wake, mate yake, damu yake au shahawa zake zililazimika kugusa ndipo pa kutafuta. Fundo la kamba lina thamani kuliko urefu wote wa kamba hiyo, kwa sababu anayefunga fundo hulikaza kwa vidole. Ukosi wa shati lililovutwa, mkanda wa suruali, na kucha za marehemu aliyepigania uhai wake ni sehemu ambazo wapelelezi wa zamani, waliokuwa wakitafuta madoa yanayoonekana kwa macho, mara nyingi hawakuzigusa kabisa.

Hapo ndipo uamuzi wa mpelelezi unapohitajika, na kwa maoni yangu ndipo kesi nyingi hushinda au hushindwa. Vielelezo havina uzito sawa. Kipisi cha sigara kilichookotwa uani kinaweza kuwa cha mpita njia yeyote, ilhali damu ya mtu mwingine iliyokutwa juu ya mpini wa kisu kilichoua inamlazimisha mwenye damu hiyo atoe maelezo. Hata shahawa zilizokutwa mwilini zinaweza kuwa za mwenzi wa marehemu wa siku iliyotangulia, kwa hiyo jina la mwenzi huyo na sampuli yake vitafutwe mapema. Kwa kila kielelezo jiulize: je, kuna njia isiyo na hatia ambayo seli hizi zingeweza kufika hapa? Vile ambavyo jibu lake ni hapana, au ni vigumu mno, ndivyo vya kupelekwa kwanza.

Kisha vitafutwe. Kielelezo kinachoandikwa kuwa kimepotea huenda kimelala katika ghala la polisi la wilaya nyingine, katika masjala ya mahakama, au katika chumba cha maiti. Uliza maabara ya zamani kama ilitunza vioo vya darubini, kwani wataalamu wa miaka ya 1970 na 1980 walipaka shahawa kwenye vioo hivyo ili kuzitazama tu, bila kujua kwamba walikuwa wakizihifadhi kwa ajili ya teknolojia ambayo ilikuwa haijazaliwa. Katika Kaunti ya King, jimbo la Washington nchini Marekani, polisi walichukua mate ya Gary Ridgway mwaka 1987 wakati hapakuwa na kipimo cha kuwafaa. Mate hayo yalitunzwa, na mwaka 2001 yakamhusisha na baadhi ya wanawake waliouawa kandokando ya mto Green.

Namna ya kuvishika

Andika nani alikipokea kila kielelezo, tangu siku kilipookotwa hadi leo, na uwe mkweli kuhusu mapengo. Mnyororo wa utunzaji wa vielelezo wenye pengo lililoelezwa waziwazi hutetewa mahakamani kwa urahisi kuliko ule uliopakwa rangi. Tazama pia kama nguo za marehemu na za mshukiwa ziliwahi kufungwa pamoja katika mfuko mmoja, jambo lililokuwa la kawaida wakati ambapo hakuna aliyefikiria kuhama kwa seli. Ikiwa ndivyo, matokeo yatakayopatikana katika nguo hizo hayatakuwa na nguvu kubwa, na ni afadhali ulijue hilo kabla wakili wa utetezi hajalisema.

Fungua kielelezo kimoja kwa wakati mmoja, juu ya karatasi safi, ukiwa umevaa barakoa na glavu unazobadilisha kila mara. Kikiwa kikavu kirudishwe katika mfuko wa karatasi, kwani plastiki hufungia unyevu, na unyevu hulisha bakteria wanaoharibu DNA. Joto na mwanga wa jua huiharibu vilevile.

Orodhesha askari, wahudumu wa gari la wagonjwa, madaktari na watumishi wa maabara waliowahi kuvigusa vielelezo hivyo, ili sampuli zao zitumike kuwaondoa katika hesabu. Anayeona hatua hii ni ya kupoteza muda akumbuke yaliyotokea Ujerumani. Baada ya polisi mwanamke kuuawa Heilbronn mwaka 2007, wapelelezi walimsaka mwanamke ambaye vinasaba vyake vilikuwa vimekutwa katika matukio mengi ya uhalifu nchini humo, Austria na Ufaransa. Mwaka 2009 ikabainika kwamba muuaji huyo hakuwapo: vinasaba vilikuwa vya mfanyakazi wa kiwandani, na vilisafiri ndani ya pamba zenyewe za kuchukulia sampuli. Pamba hizo zilikuwa zimeuliwa vijidudu, lakini kuua vijidudu hakuondoi DNA.

Kipimo kichaguliwe kwa kufuata swali

Usikatishwe tamaa na ripoti ya zamani isemayo kwamba sampuli haikutosha. Alec Jeffreys alipogundua alama za vinasaba katika Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, mwaka 1984, kipimo chake kilihitaji doa kubwa na lililo katika hali nzuri. Vipimo vya leo hunakili vipande vifupi vya DNA mara mamilioni, na kwa kawaida hutosheka na nanogramu moja (sehemu moja ya bilioni ya gramu) au nusu yake. Kwa kuwa seli moja ya binadamu ina takriban pikogramu sita za DNA, na pikogramu elfu moja hufanya nanogramu moja, hizo ni seli zisizofika mia mbili.

Kipimo cha kawaida husoma sehemu zenye vipande vinavyojirudia, ambavyo idadi ya marudio yake hutofautiana baina ya watu. Kanzidata ya taifa ya Marekani, yaani hifadhi ya kumbukumbu za vinasaba, hutumia sehemu 20 tangu mwaka 2017, kutoka 13 za awali. Hicho ndicho kipimo cha kuanzia, kwa sababu kanzidata za polisi zinasoma lugha hiyo. Doa la shahawa lililochanganyika na seli za marehemu huoshwa kwa hatua, seli za kike zikipasuliwa kwanza na mbegu za kiume baadaye. Mbegu zisipokuwapo na seli za marehemu zikazidi mno, kipimo cha kromosomu Y, ambayo wanaume tu ndio huwa nayo, huzisoma za mwanamume peke yake, ila matokeo yake yatalingana pia na baba yake, kaka zake na wanaume wengine wa ukoo huo. Unywele usio na mzizi hupimwa kwa DNA ya mitokondria, yaani ile iliyo nje ya kiini cha seli, ambayo hurithiwa kwa mama na kwa hiyo hutambulisha ukoo wa kike tu.

Kila kipimo hula sampuli. Kabla ya kuidhinisha cha kwanza, kubaliana na maabara kuhusu utaratibu mzima: kipi kitatangulia, kiasi gani kitabakizwa kwa ajili ya utetezi, na nani atatoa ruhusa iwapo kipimo kitaimaliza sampuli yote.

Kutoka wasifu hadi jina

Wasifu, yaani orodha ya marudio yaliyosomwa katika sampuli, ukipatikana, linganisha kwanza na watu waliotajwa ndani ya jalada, kwani si mara chache jina la muuaji huwa limo tayari. Kisha peleka katika kanzidata ya taifa na, sheria ikiruhusu, katika nchi nyingine kupitia Interpol. Usipopata jibu leo, rudia baada ya muda, maana majina huongezeka humo kila siku. Baadhi ya nchi huruhusu pia kutafuta ndugu wa karibu. Polisi wa Los Angeles walimkamata Lonnie Franklin, muuaji wa mfululizo, mwaka 2010 baada ya wasifu wa mwanawe, aliyekuwa katika kanzidata kwa kosa jingine, kuelekeza kwa baba.

Njia ya nasaba, yaani kufuata mti wa ukoo, ndiyo inayovuma zaidi sasa, nayo inahitaji subira. Maabara husoma mamia ya maelfu ya sehemu za DNA badala ya zile ishirini, na matokeo huwekwa katika kanzidata za nasaba zinazoruhusu matumizi ya polisi, kama GEDmatch. Kinachopatikana kwa kawaida ni ndugu wa mbali. Watu wawili ambao mzazi wa mmoja ni binamu wa mzazi wa mwingine, wenye babu na bibi mmoja wa kizazi cha tatu kwenda juu, hushiriki takriban asilimia 3 ya DNA. Mtaalamu wa nasaba hupanda hadi kwa wazee hao, kisha hushuka kwa vizazi vyao vyote akitumia rekodi za kuzaliwa, ndoa na vifo, hadi abaki na wachache wanaolingana kwa jinsia, umri na mahali walipoishi. Ndivyo alivyopatikana Joseph James DeAngelo, muuaji wa mfululizo wa California, aliyekamatwa karibu na Sacramento mwezi Aprili 2018, kwa kutumia sampuli ya mauaji ya mwaka 1980 iliyokuwa imehifadhiwa katika Kaunti ya Ventura.

Jina linalotoka katika mti wa ukoo ni fununu, na lisishughulikiwe kama ushahidi. Kabla ya kumkamata DeAngelo, polisi walichukua sampuli kwenye kitasa cha gari lake na karatasi ya tishu aliyoitupa, wakazilinganisha kwa kipimo cha kawaida. Baada ya ukamataji, sampuli rasmi ichukuliwe tena kwa mujibu wa sheria. Ndugu waliosaidia kuufikia ukoo huo hawana kosa lolote, na majina yao yalindwe.

Kuyasoma matokeo bila kuyatia chumvi

Mtaalamu akisema wasifu usiokamilika hukutwa kwa mtu mmoja kati ya milioni moja, hajasema kwamba uwezekano wa mshukiwa kutokuwa na hatia ni mmoja katika milioni. Katika nchi ya watu milioni 60, watu wapatao 60 wangeweza kulingana na wasifu huo, na ni ushahidi mwingine utakaoonyesha ni yupi kati yao aliyekuwa na nafasi ya kuua. Kosa hili limewapotosha mawakili na hata majaji, kwa hiyo mwombe mtaalamu aandike takwimu yake kwa maneno yasiyopindika.

Seli huhama pia. Huko California mwaka 2012, mtu alishtakiwa kwa mauaji kwa sababu DNA yake ilikuwa kwenye kucha za marehemu, ilhali usiku huo alikuwa amelazwa hospitalini akiwa amelewa. Wahudumu waliombeba ndio hao hao waliokwenda baadaye eneo la mauaji. Na kinasaba hutakasa kama kinavyotia hatiani: katika kesi ya Leicestershire, Uingereza, iliyomfikisha muuaji Colin Pitchfork mahakamani, mtu wa kwanza kuguswa na kipimo alikuwa kijana aliyekiri moja ya mauaji mawili ya kesi hiyo, na kipimo kikaonyesha kwamba hakuhusika.

Mhoji mshukiwa kabla ya kumweleza ulichokipata. Muulize kama alimfahamu marehemu, kama aliwahi kuingia nyumbani kwake, kama waliwahi kuwa na uhusiano, na majibu yake yarekodiwe kikamilifu. Mtu aliyekana kumjua kabisa marehemu atapata taabu baadaye kudai kwamba seli zake zilifika pale kwa urafiki. Na kama anayo sababu ya kweli, huu ndio wakati wa kuisikia na kuichunguza.

Ikiwa hakuna kilichopatikana, andika katika jalada ni vielelezo vipi vilipimwa, kwa njia gani, kiasi gani kimetumika na kiasi gani kimebaki, na mahali ambapo DNA iliyochujwa imegandishwa. Weka pia tarehe ya kurudia utafutaji katika kanzidata, pamoja na jina la ofisi yenye wajibu wa kuufanya, kwa kuwa mpelelezi aliyepo leo huenda atakuwa amestaafu tarehe hiyo itakapofika.