Umekuta uyoga usioujua shambani? Usiung'oe kwanza

Ndugu mkulima, ukikuta uyoga wa ajabu umetokeza kwenye kisiki au chini ya mti wako wa matunda, najua mkono unawasha kuung'oa, naomba subiri kidogo. Ule unaouona ni kama tunda tu, kuvu mwenyewe yuko ardhini au ndani ya mbao kwa nyuzi nyembamba sana, na ukivuta kwa nguvu zile alama za kumtambulisha zinakatikia hukohuko chini.

Anza na simu. Piga picha hapohapo ulipoota, kwa juu, kwa ubavuni na chini ya kofia, hii ya chini wengi wanaisahau wakati ndo yenye maneno maana inaonyesha kama kuna matamvua, vitundu au vijimeno. Weka rula au sarafu pembeni ukubwa uonekane. Alafu andika umeota juu ya nini, samadi, mbao iliyokufa, mzizi wa mti hai, au kichuguu. Mfano uyoga wa kundi la Termitomyces unalimwa na mchwa wenyewe, ukichimba ukakuta shina linashuka kama mzizi mrefu mpaka kwenye makao ya mchwa basi ushapata nusu ya jibu.

Kuutoa, chimba na kisu kwa pembeni uinue na udongo wake. Angalia kama shina lina pete juu na kifuko chini. Nasisitiza hili la kifuko maana Amanita phalloides, uyoga unaoua watu wengi kuliko wote duniani, unacho, na mtu akivuta tu kinabaki udongoni hakioni. Sumu yake haitoki kwa kuchemsha wala kukausha, na dalili zinachelewa masaa 6 hadi 12 au hata zaidi, alafu mgonjwa anaweza kupata nafuu akadhani yamepita kumbe ini linaharibika. Kwahiyo uyoga usioujua hauonjwi, hata kama umeona mnyama ameula na yuko mzima.

Ukiwa bado mbichi kata kipande uone kama nyama inabadilika rangi au kutoa utomvu, nusa, andika siku hiyohiyo, maana ukikauka rangi na harufu vinapotea. Kofia nyingine kata shina uilaze kwenye karatasi, nusu nyeupe nusu nyeusi, funika na bakuli usiku kucha, asubuhi utakuta vumbi la spora, yani chembe ndogo sana ambazo kuvu anazalia kama mbegu. Linaweza kuwa jeupe, pinki, kahawia au jeusi. Chlorophyllum molybdites kwa juu inafanana sana na uyoga mweupe unaolika lakini vumbi lake ni la kijani, na inaumiza tumbo vibaya.

Unaobaki kausha kwa joto la nyuzi 40 hivi lenye upepo mpaka uvunjike kama biskuti, weka kwenye bahasha ya karatasi. Ukifunga mbichi kwenye plastiki unaoza tu na kazi yako yote imeharibika.

Kama mti wenyewe unanyauka, bandua kidogo ganda karibu na ardhi. Ukikuta utando mweupe umetandaza kama feni, na pengine kamba nyeusi mizizini, hiyo inaelekea ni Armillaria, kuvu anayeozesha mizizi, na dawa ya kupulizia majani haifiki huko, inabidi kung'oa kisiki na mizizi mingi kadri unavyoweza.

Je, ni spishi mpya? Inawezekana kabisa, zilizopewa majina ni kama 150,000 na makadirio ya zilizopo yanaanzia milioni 2, ila kuwa mgeni kwako hakutoshi. Mtaalamu ataangalia kwenye hadubini kama spora zinakaa ndani ya vifuko vidogo sana (si kile cha chini ya shina), yani kundi la Ascomycota, au juu ya vijiguu, yani kundi la Basidiomycota, atasoma kipande cha DNA kinachoitwa ITS alafu alinganishe na jamaa zake. Akijiridhisha anachagua sampuli moja iwe holotipu, yani ndo inabeba jina na inatunzwa hebaria, ghala la sampuli zilizokaushwa, na tangu 2013 jina lazima liwe na namba ya usajili. Holotipu hiyo inaweza kuwa bahasha yako, kwahiyo andika juu yake tarehe, mahali, mti uliokuwa karibu, na namba moja ya sampuli, ileile uiweke pia kwenye picha na karatasi ya spora, ndo umpelekee afisa ugani.