Egzosti inaoza kuanzia ndani, kupaka rangi peke yake hakutoshi

Watu wengi wakiona kutu kwenye egzosti, yaani bomba la moshi la gari, wanalaumu mvua na matope, sawa yanachangia, ila maji mengi yanayoila yanatoka kwenye injini yenyewe. Petroli ikiungua inatoa maji, tena sio kidogo, lita moja ya petroli inakupa karibu lita nzima ya maji yakiwa mvuke. Bomba likiwa limepata moto mvuke unatoka wote nje, lakini likiwa la baridi unageuka matone humo humo ndani, unachanganyika na gesi za moshi inakuwa kama tindikali nyepesi, alafu inatuama kwenye sailensa ya nyuma, lile boksi la kupunguza kelele. Ndo maana ile ya nyuma mara nyingi inawahi kutoboka, iko mbali na injini kwa hiyo inachelewa kupata joto.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ni jinsi unavyoendesha. Safari za dakika tano tano ndo zinaua, unazima gari kabla maji hayajakauka, kesho tena hivo hivo. Unganisha mizunguko yako iwe safari moja, na mara moja kwa wiki hivi lipeleke barabara iliyofunguka kama nusu saa mpaka egzosti yote iive joto. Na wale wa kuwasha gari dakika tano limepaki kisha unazima, eti lisilale, hapo unaongeza maji tu.

Sailensa nyingi zina kitundu kidogo kwa chini, kimetobolewa kiwandani ili maji yatoke. USIKIZIBE. Mi nilikiona nikadhani kutu imeshaanza, nikakipeleka kikachomelewa na nikajiona mjanja kweli, baada ya muda kila nikikata kona nasikia maji yanacheza humo ndani kama kwenye dumu, mwisho mshono ukaachia. Kikijaa tope zibua kwa waya, basi.

Kwa nje adui ni chumvi, kama unakaa karibu na bahari au sehemu wanayomwaga chumvi barabarani wakati wa barafu, osha uvungu mara kwa mara kwa maji safi, hasa kwenye maungio, klampu na nyuma ya yale mabati ya kukinga joto maana tope linajificha pale na halikauki. Subiri bomba lipoe kwanza, chuma cha moto ukikimwagia maji ya baridi kinaweza kupasuka. Ukimaliza endesha kidogo likauke.

Rangi sasa. Inasaidia, na inasaidia zaidi ukipaka egzosti ikiwa bado mpya. Chukua rangi ya kuhimili joto, iliyoandikwa nyuzi 600 au zaidi, ya kawaida itaungua na kubanduka mapema sana. Gari lipoe kabisa, liweke kwenye stendi, usiingie chini likiwa limeshikwa na jeki tu hata kama ni kwa dakika moja. Sugua kutu kwa brashi ya waya na msasa, futa mafuta yote kwa thina, ziba sensa ya oksijeni na zile raba za kuning'inizia, alafu piga koti nyembamba mbili au tatu, koti nene inachuruzika na baadae inabanduka. Rangi nyingi za hivi zinakomaa kwa moto, kwa hiyo fuata maelekezo ya kopo, na mara ya kwanza kuwasha itatoa moshi na harufu kidogo, fanyia nje. Ila angalia, kama bomba ni lile la chuma lililopakwa aluminiamu usilisugue hovyo, ule weupe wa juu ndo kinga yenyewe.

Oili chafu au ile lami ya kupaka uvungu usiweke kwenye egzosti kabisa! Inafuka moshi na inaweza kushika moto. Nati na bolti ndo unazipaka grisi ya shaba, siku ya kufungua utafurahi.

Ukifika wakati wa kununua mpya, chuma cha pua (stainless) kinadumu zaidi lakini sio vyote sawa, daraja la 409 linashika rangi ya kahawia juu juu ila haliozi haraka, 304 ni bora zaidi. Nenda na sumaku, 409 inanasa, 304 kwa kawaida hainasi au inanasa kidogo sana, ingawa chuma cha kawaida nacho kinanasa kwa hiyo sumaku peke yake haikuhakikishii kila kitu.

Kila ukiwa chini ya gari gonga gonga sailensa na mpini wa bisibisi, ikilia vizuri bado iko sawa, ikitoa mlio uliokufa na maganda yanadondoka imeshaisha, badilisha. Usizungushie kipande cha bati ukaendelea na safari, gesi ya monoksaidi ya kaboni iliyo kwenye moshi ni sumu, haina harufu na inaweza kuingia ndani ya gari bila wewe kujua.