Kabla ya Kuvuka Mokowe: Mambo ya Kuzingatia Unapompeleka Mtoto kwa Mtaalamu wa Tiba Kazi

Mtoto wa miaka minne huziba masikio kwa viganja kila punda anapolia kichochoroni, hulia kwa uchungu anapovishwa kanzu mpya asubuhi ya Idi, na kwa mwezi mzima hajakubali kula ila wali mweupe na mkate. Katika nyumba nyingi za Amu, yaani Lamu, hukumu yake hutolewa upesi: huyu husema amedekezwa, yule husema ni jeuri, na mwingine hushauri akasomewe. Kusomewa dua hakumzuii mzazi kutafuta tiba, na wengi hufanya yote mawili; kinachoumiza ni fimbo, kwa sababu humwadhibu mtoto kwa jambo ambalo mwili wake unalihisi kweli. Nayaandika haya kwa mzazi aliyeamua, au anayekaribia kuamua, kumpeleka mtoto kwa mtaalamu wa tiba kazi, ambaye wengi wetu humwita mtu wa mazoezi au mtu wa therapi. Neno kazi hapa lisimbabaishe mtu. Kazi ya mtoto ni kula, kuvaa, kuoga, kucheza, kulala na kusoma, na mtaalamu huyu huangalia ni lipi kati ya hayo limemshinda na kwa nini.

Tumezoea kuhesabu milango mitano ya fahamu, lakini mwili una zaidi ya hiyo. Ndani ya sikio mna mizani inayotuambia kama tumeinama, tunazunguka au tunaanguka. Misuli na viungo hutuambia mkono uko wapi hata tukifumba macho. Na matumbo na kibofu hutupa habari za njaa, shibe na haja. Ubongo hupokea habari hizo zote kwa wakati mmoja, ukachagua ipi ishughulikiwe na ipi iachwe ipite. Kwa baadhi ya watoto uchaguzi huo huenda kwa namna nyingine. Yupo anayezidiwa, ambaye mshono wa fulana begani humchoma kama mwiba. Yupo ambaye habari hazimfikii vizuri, akajikata mguu kwenye jiwe la ufukweni na asijue mpaka watu waone damu. Na yupo anayezitafuta kwa bidii, akawa anaruka kutoka barazani bila kuchoka, anajibamiza ukutani na kutafuna ukosi wa shati. Mtoto mmoja anaweza kuwa haya yote kwa milango tofauti, na hapo ndipo wazazi huchanganyikiwa: vipi mtoto aogope mlio wa blenda ilhali yeye mwenyewe hupiga makelele kutwa? Makelele yake anayajua yanaanza lini na yataisha lini. Ya blenda humjia ghafla, na hana uwezo wa kuyazima.

Mzazi ana haki ya kujua pia mipaka ya elimu hii ya namna ubongo unavyopanga habari za milango ya fahamu. Aliyeijenga ni A. Jean Ayres, mtaalamu wa tiba kazi na mwanasaikolojia wa Marekani, ambaye kitabu chake kikubwa juu ya jambo hili kilitoka mwaka 1972. Hata hivyo, mwongozo wa DSM-5 uliotolewa mwaka 2013, ambao madaktari wengi hutumia kutambua matatizo ya akili na ukuaji, haukuuweka ugumu huu wa kuchakata hisia kuwa ugonjwa unaojitegemea, bali unautaja miongoni mwa dalili za usonji (autism). Mwaka 2012 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani nacho kiliwashauri madaktari wasiishie kwenye jina la "tatizo la kuchakata hisia", bali wachunguze kama nyuma yake kuna usonji, tatizo la umakini, wasiwasi mkubwa au ucheleweshaji wa ukuaji. Haina maana kwamba taabu ya mtoto ni ya kubuni. Maana yake ni kwamba mzazi akipewa jina la tatizo aulize mara moja kama mengine yameangaliwa.

Kwa hiyo, kabla ya safari yoyote ya mbali, mtoto apitishwe kwa daktari aliye karibu. Asiyeitika akiitwa huenda hasikii, hasa kama masikio yamewahi kutoa usaha. Anayekataa chakula kigumu huenda ana jino bovu, au amefunga choo kwa siku nyingi na tumbo linamuuma. Anayekodoa macho ghafla, asisikie wala kuguswa asihisi kwa sekunde kadhaa, achunguzwe kifafa. Na mtoto aliyekuwa akisema maneno kisha akayapoteza asingojeshwe foleni ya mazoezi. Amwone daktari upesi. Chukua kijitabu cha kliniki, kwa kuwa uzito, chanjo na habari za kuzaliwa kwake vimo humo.

Jambo ninaloliona kubwa kuliko yote, na ambalo halina gharama, ni daftari. Mtaalamu atakaa na mtoto kwa muda mfupi, ndani ya chumba asichokijua, baada ya safari iliyomchosha. Wewe umekaa naye tangu azaliwe. Kwa wiki mbili andika kila tukio kubwa: lilitokea saa ngapi na wapi, nini kilitangulia, mtoto alifanya nini, lilidumu kwa muda gani na nini kilimtuliza. Usiandike "alifanya fujo". Andika kwamba saa kumi na mbili na nusu jioni, baada ya adhana ya magharibi kutoka kwenye kipaza sauti kilicho karibu na dirisha, alijificha chini ya kitanda kwa dakika ishirini, akatoka alipofungwa khanga kwa kubanwa kiasi. Mpwa wangu alisemwa nyumbani kwetu kuwa hataki kuoga. Mama yake alipoanza kuandika, iligundulika kuwa kuoga hakukuwa na shida. Alichokichukia ni maji ya kata kumwagwa kichwani bila kuambiwa. Alipopewa kata ashike mwenyewe, nusu ya vita iliisha. Andika pia nyakati nzuri, maana zinaonyesha mtoto anaweza nini. Mwombe ustadhi wa chuo (madrasa) na mwalimu wa shule ya chekechea waseme wanayoyaona, kwa kuwa mtoto anayejikaza asubuhi nzima mbele ya wenzake mara nyingi hulipukia nyumbani. Video fupi za simu husaidia, lakini usimchokoze mtoto ili upate kumrekodi.

Kutokana na daftari hilo chagua mambo mawili au matatu unayotaka yabadilike, yaliyo wazi kiasi cha kupimika: akubali kukatwa kucha, akae mkekani kwa dakika kumi, aongeze chakula kimoja. Lengo la "awe kama wenzake" haliwezi kupimwa na mtu yeyote, na humtwika mtoto mzigo usio wake.

Kuhusu pa kwenda, anzia hospitali ya kaunti, na kama huduma ya watoto haipatikani omba barua ya rufaa ya Malindi au Mombasa. Piga simu kwanza uhakikishe siku ya kliniki ya watoto, malipo, na kama bima ya afya ya serikali, SHA, inakubaliwa kwa huduma hiyo. Kutoka Mokowe, gati la bara tunaposhukia boti, hadi Malindi ni zaidi ya kilomita 200, na kurudi mikono mitupu kunaumiza. Uliza pia kama mtaalamu amesajiliwa na ana leseni ya kufanya kazi Kenya. Ikiwa wasiwasi ni wa masomo, viko vituo vya tathmini ya elimu, mfumo ulioanza nchini mwaka 1984, ambavyo humpima mtoto na kushauri juu ya shule.

Safari yenyewe ni mtihani kwa mtoto wa namna hii. Mvishe jaketi la kuokolea nyumbani siku kadhaa kabla, kwa dakika chache akicheza, ili asilione kwa mara ya kwanza gatini. Mwoneshe boti ikiwa imezimwa injini. Mweleze kwa mpangilio: tutapanda boti, kisha basi, tutalala kwa shangazi, kisha tutamwona mtu mwenye michezo. Mchukulie chakula anachokila, nguo ya zamani iliyolainika, na kofia ya kufunika masikio. Mshike mkono wakati wote ufuoni, kwa sababu mtoto anayevutwa na maji hukimbia bila kupima kina.

Ukifika, utaulizwa maswali mengi, kisha mtoto ataachwa acheze kwenye pembea, mipira na vitu vya kugusa. Ukiona kama ni mchezo mtupu, uliza kila mchezo unatafuta nini na utahusianaje na lengo lako. Mtoto asilazimishwe. Akigeuka rangi, akitapika, akiziba masikio au akinyamaza kusiko kwa kawaida, hapo ni pa kusimama. Usikubali kuahidiwa kupona kwa muda fulani, na usinunue blanketi zito la kutuliza watoto kwa kusikia tu, kwani kwa mtoto mdogo lina hatari na kwa joto letu ni adhabu.

Wakati mnangoja miadi, nyumba zetu zina mengi ya kumpa: kukanda unga wa mahamri, kubeba ndoo ndogo ya maji, kuvuta kamba, kuchimba mchanga wenye unyevu, kubembea taratibu. Mwongoze, naye achague na aache anapotaka.

Kabla ya kuondoka kliniki omba mpango ulioandikwa na namba ya kuuliza katikati ya ziara. Fanya kila zoezi kwa mikono yako mwenyewe mbele ya mtaalamu, akukosoe hapo hapo. Na ikiwa bibi ndiye anayeshinda na mtoto, omba ruhusa ya kupiga video, ili naye ayaone mazoezi hayo kwa macho yake mkirudi Amu.