SOMO: Mpakani mwa mtandao uweke ruta au swichi ya leya 3?

Wakuu, kila wiki meseji ni ileile: "Si ninunue tu swichi ya leya 3, ina poti 24?" Naandika mara moja: mpakani ni pale mtandao wako unapokutana na intaneti, na swichi ya leya 3 ni swichi inayoweza pia kuelekeza pakiti za data kati ya mitandao. Atakayeuliza tena namtumia linki.

1. Muulize mtoa huduma anakupa nini: PPPoE (kuingia kwa jina na nywila), IP ya kudumu (anwani isiyobadilika), au BGP (kubadilishana naye njia za intaneti).

2. Unahitaji NAT (vifaa vingi kutumia IP moja), VPN (njia ya siri kupitia intaneti) au PPPoE? Ruta. Swichi nyingi za leya 3 hazifanyi NAT.

3. Unataka VLAN za ofisi (mitandao midogo iliyotenganishwa ndani ya swichi) ziongee kwa kasi? Swichi, lakini ikae ndani, nyuma ya ruta.

4. Una BGP? Hapa ndipo watu wanalia. Swichi ina kasi kwa sababu pakiti zinapitia kwenye chipu, CPU haiguswi. Chipu hiyo husoma njia kwenye TCAM, kumbukumbu ghali yenye ukomo. Swichi nyingi za ofisini hubeba maelfu tu ya njia. Jedwali zima la njia za IPv4 (anwani za kawaida za intaneti) duniani lina karibu njia milioni moja. TCAM ikijaa swichi haizimiki. Taa zote kijani, ping (jaribio la kufika) ya 8.8.8.8, seva ya Google, inajibu, ila kuna tovuti zinafunguka kwa kujikongoja na nyingine hazifunguki kabisa. Utamlaumu mtoa huduma bure. Na si swichi ndogo tu: tarehe 12 Agosti 2014 jedwali lilivuka njia 512,000, vifaa vikubwa vya zamani vilivyotengewa nafasi hiyo vikazidiwa. Kwa hiyo:
- omba default route tu (njia moja ya kwenda kote), ukitaka ongeza njia za IXP ya kwenu (kituo ambako watoa huduma hubadilishana data);
- weka maximum-prefix (kikomo cha idadi ya njia utakazopokea) kabla ya kuwasha BGP, siyo baadaye;
- hesabu na IPv6 (anwani mpya, ndefu zaidi), mara nyingi njia yake moja hula nafasi ya mbili.

5. Laini ya intaneti ina kasi ndogo kuliko poti yako? Bana kasi kwenye ruta. Bafa ya swichi (mahali pakiti hungojea) hujaa upesi, pakiti zinamwagika.

MASWALI

— Mkuu, nichukue ipi sasa?
Hatua ya 1. Hujanijibu hata kimoja.

— Swichi yangu inafanya NAT, acha kutisha watu.
Nimeandika "nyingi", sijaandika "zote".

— Samahani kaka, nina swichi ya MikroTik CRS326-24G. Ina RouterOS, si ni ruta tayari?
Swali zuri, dada. Programu ni ya ruta, ila CPU ni dhaifu. Ili chipu ielekeze pakiti badala ya CPU, kwenye RouterOS 7 andika:
/interface ethernet switch set 0 l3-hw-offloading=yes
Kisha /ip route print. Njia zenye herufi H zinapita kwenye chipu. NAT kwa modeli hiyo bado ni mzigo wa CPU, kwa hiyo VLAN za ndani ipe, intaneti iachie ruta.

— Na swichi ya Cisco Catalyst 3560 ya mtumba?
Kwa ndani inafaa. Washa ip routing (uelekezaji), weka sdm prefer routing (nafasi zaidi ya TCAM ipewe njia), hifadhi, halafu reload (iwashe upya). Bila reload mgao wa sdm haubadiliki.

— Iko chumba cha mhasibu, feni inampigia kelele.
Ihamishe. Ukishahamisha, ONT (kisanduku cha faiba cha mtoa huduma) nayo ipate UPS (betri ya akiba), maana watu huilinda ruta wakaisahau.