Kununua apatimenti mjini Dar jengo likiwa bado linajengwa, bila kupigwa

Kila wiki lazima kuna mtu atanitumia picha ya jengo la kuchorwa kwenye kompyuta, vioo vya bluu, minazi mbele, gari la kifahari limepaki kwenye mtaa ambao ukienda leo hata toroli halipiti, halafu anauliza "kaka hii vipi, nitoe kishika uchumba?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja kwa voisi noti za dakika saba, naandika hapa mara moja tu.

Na msidhani najua sana, nilishaingia mkenge mwenyewe. Mkataba wangu ulisema nilipe kila baada ya miezi mitatu, nikawa nalipa, jengo likasimama kwenye slabu ya tatu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa, mwaka mzima na ushee, mimi bado natoa hela maana karatasi ilitaja tarehe, haikutaja slabu. Nyumba nilikuja kupata lakini mvi nilizonazo kichwani nusu ni za lile jengo.

Sasa anza na hili: ghorofani hununui kiwanja, unanunua sehemu. Sheria yake ipo tangu 2008, Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo, madalali wanaiita yuniti taito. Ukiikamilisha unakuwa na hati yako wewe, jina lako, ya chumba namba fulani ghorofa fulani, pamoja na fungu lako kwenye vya pamoja yaani ngazi, lifti, paa, korido. Bila hiyo unabaki na karatasi ya mauziano na funguo. Nawajua watu Upanga wamekaa hivyo miaka, wanaishi vizuri tu, ila siku mtu anataka kukopea ile nyumba benki au mzee amefariki watoto wanataka kugawana ndio kizaazaa kinaanza. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji sio bei, muulize "ramani ya sehemu mmeshapeleka kwa Msajili wa Hati?" Akikwambia "hiyo itafuata bosi usiwe na wasi" jua hapo bado.

Swali la pili, hati ya kiwanja iko kwa jina la nani. Kariakoo hapa ndipo penyewe. Viwanja vingi pale vilikuwa nyumba za familia, zile za bati, vyumba sita uani choo, babu amefariki, watoto na wajukuu wako kumi na kitu, anakuja mwenye hela anawaambia nyie toeni kiwanja mimi natoa ujenzi, tukimaliza nyie mnachukua fremu kadhaa na ghorofa mbili, zilizobaki zangu. Dili halali kabisa. Ila wewe mnunuzi lazima uuone ule mkataba wao na uone ghorofa unayouziwa iko upande wa nani, maana nimeshuhudia ghorofa ya nne inauzwa na mwekezaji na huku shangazi wa ile familia anasema ya nne ni yetu. Tena uliza nani ni msimamizi wa mirathi, na barua ya mahakama uione, kusikia tu haitoshi. Kama kiwanja ni cha Shirika la Nyumba la Taifa na mtu kaingia nao ubia ni hivyohivyo, mkataba wa ubia ndio unasema nani anaruhusiwa kuuza nini, usikubali kuambiwa "ni ya serikali hiyo haina shida".

Ukishapata kopi ya hati nenda kafanye searchi rasmi kwa Msajili wa Hati, au mtume wakili wako, na nikisema wako namaanisha wako, sio yule ambaye muuzaji anakwambia "tuna wakili wetu hapa atatuandikia wote". Ada ya searchi sio ya kukutoa jasho. Majibu yatakuonyesha mmiliki, miaka iliyobaki kwenye hati, kama kuna zuio na kama kuna rehani. Rehani usiikimbie moja kwa moja, wajenzi wengi wanakopa benki kwa kiwanja hichohicho, ila dai barua ya benki inayosema ukimaliza kulipa sehemu yako wataiachia. Bila hiyo barua jamaa akishindwa mkopo, benki wanakuja kwenye jengo zima na wewe ukiwemo ndani na makochi yako. Miaka nayo angalia, hati yako haiwezi kuishi kuliko ya kiwanja, kama ya kiwanja imebaki 20 unachonunua ni 20. Na kama umeshachukua paspoti ya nje, wakili kwanza kabla ya hata kwenda kuona, maana kwa asiye raia sheria ya ardhi ina masharti yake.

Haya, jengo lenyewe. Mjini hapa tumeshazika watu. Machi 29, 2013 ghorofa iliyokuwa inajengwa pale mtaa wa Indira Gandhi iliporomoka ikaua watu 36, na Novemba 16, 2024 likaanguka jingine Kariakoo, lile lilikuwa na watu na biashara zao ndani. Kwa hiyo simama mbele ya saiti usome bango. Linatakiwa lionyeshe mkandarasi, mhandisi, mbunifu, na hao wote wana bodi zao, mkandarasi CRB, mhandisi ERB, mbunifu na mkadiriaji wa gharama za ujenzi AQRB, jina unaweza kuuliza kama limesajiliwa na kama bado lipo hai. Halafu omba kuona kibali cha ujenzi, angalia kimeruhusu ghorofa ngapi, kisha vuka barabara uhesabu kwa kidole. Inachekesha lakini fanya. Kibali kikisema nane na wewe umehesabu tisa na nondo bado zimechungulia juu, ondoka taratibu, usiage.

Mtafute mhandisi wa kumlipa mwenyewe aende na wewe mara mbili tatu. Wangu aliomba majibu ya kyubu za zege, zile wanazomwaga pembeni wakati wa slabu na kuzivunja maabara kupima nguvu, zilizokaa siku 28. Msimamizi wa saiti akaanza kutafuta faili, akapiga simu, akatuletea soda, faili halikuonekana. Tukashuka besimenti, maji yamefika kwenye kifundo, pampu ndogo inakoroma pembeni. Dar maji ya chini yako karibu, kuona maji sio ajabu, yeye aliuliza tu "umeme ukikatika hii pampu inawashwa na nini?" wakaanza kuangaliana. Kiwanja cha jirani nacho uliza, kama kuna nyumba ya zamani itavunjwa na kuchimbwa besimenti, hilo shimo litakuwa ukutani kwako.

Ukubwa msiamini karatasi. Mita za mraba 110 wanazoandika mara nyingi wameingiza kuta, balkoni na kipande cha korido. Beba tepu. Mimi na mdogo wangu tulipima ile ya mfano tukapata 86, na dirisha la masta linatazama ukuta wa jirani, ukinyoosha mkono unaugusa.

Malipo, nishasema, yafuate kazi. Msingi umeisha asilimia fulani, slabu ya pili fulani, paa, finishingi, na kipande cha mwisho kisichopungua asilimia 10 kibaki mkononi mwako mpaka hati ya sehemu itoke. Watagoma, watakwambia wateja wengine hawasumbui. Gomea na wewe. Hela ipite benki kwenye akaunti ya kampuni iliyo kwenye mkataba, usimpe dalali keshi hata akikuita mwanangu. Mkopo wa nyumba upo lakini riba zetu sio rafiki, zinaanzia asilimia 13 hivi kwa mwaka na kupanda, na benki nyingi zitataka hiyohiyo hati ya sehemu. Kwenye bajeti weka pia ushuru wa stempu asilimia 1 na wakili. Kodi ya faida ya kuuza ni ya muuzaji, iandikwe hivyo kwenye mkataba maana wana tabia ya kuisukuma kwako mwishoni.

Kitu watu wanasahau ni maisha ya baadaye. Sevisi chaji ni ya milele, lifti, mlinzi, jenereta, taka. Uliza ni ngapi kwa mwezi na chama cha wamiliki kinaanza lini, sheria inakitaka, na mpaka kianze mjenzi ndiye anajipangia bei. Kama hujawahi kuishi ghorofani nenda Magomeni Kota, zile ghorofa za TBA, Wakala wa Majengo wa serikali, zilizofunguliwa 2022 kwa kaya 644 za wakazi wa zamani wa pale, kaa chini upige stori na akina mama wakuambie nguo wanaanika wapi na gesi inapandishwaje.

Siku ya kukabidhiwa usiende na kamera peke yake, nenda na ndoo. Ijaze maji, mwaga yote bafuni, simama uangalie yanaelekea wapi. Kwangu yalitoka taratibu kabisa yakaenda sebuleni. Tukaandika kwenye fomu ya makabidhiano, wakarudi wakavunja vigae, na sikusaini kwamba nimepokea mpaka ndoo ya pili ilipoenda kwenye tundu.